Polepole, Mama, Naandika

Mtaani kwetu Mpwapwa tuna wanasheria wengi kuliko bungeni. Wote wamesomea kwa Mama Sabrina, kwenye runinga yake, tamthilia ya jioni iliyotafsiriwa. Wamehitimu wakijua kwamba jaji hugonga nyundo, mkosaji huanguka akilia, na shahidi wa kweli huingia dakika ya mwisho.

Basi nilipokwenda mahakamani kudai cherehani yangu, ushauri sikukosa. Jirani yetu Silvano aliiazima kabla ya Pasaka, kisha akadai nilimpa moja kwa moja. Mimi na mwanangu tunakula kwa cherehani ile. Shahidi nilikuwa naye mmoja tu, shangazi Anyesi, aliyekuwepo wakati inaazimwa. Nikamwomba aje aseme alichosikia, basi. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, ukisema mapema unaharibu. Waache kwanza wadhani umeshindwa."

Kwa sura tu, Mahakama ya Mwanzo ilituangusha. Mabenchi, hakimu mwanamke aliyevaa sweta, wazee wawili wa baraza. Nyundo hakuna. Nilipomaliza maelezo yangu, karani akatoka kumwita shahidi. Akaita tena. Dirishani nikamwona shangazi nyuma ya choo cha mahakama, miwani ya jua usoni, anasubiri wakati wake. Hakimu akaniuliza kama nafunga ushahidi. Nikaomba ruhusa, nikatoka mbio na mtoto mgongoni, nikamvuta kwa kitenge chake.

Aliingia vizuri, hilo simnyimi. Akala kiapo, akanyoosha kidole.

"Silvano, nitazame machoni. Damu ya..."

"Polepole, mama. Naandika."

Hakimu wetu huandika kila neno kwa mkono. Hilo runinga haikulisema. Shangazi akangoja kalamu. Ilipofika, akaulizwa damu ya nini, naye alikuwa ameshasahau. Akahamia kwenye machozi ya mnyonge. Akaambiwa tena polepole, halafu huyo mnyonge anaitwa nani, jina liandikwe. Hapo akavua miwani.

"Aliazima, mheshimiwa. Nilikuwa nachambua mlenda palepale. Alisema atairudisha baada ya Pasaka."

Hiyo iliandikwa yote.

Silvano, msomi wa chuo kilekile, akasimama kuuliza kama tumeleta alama zake za vidole. Hakimu akataka kujua cherehani iko wapi sasa. Iko kwake, akajibu, mke wake anashonea.

"Sasa vidole vya nini?"

Mzee mmoja wa baraza akakohoa ndani ya kofia yake.

Hukumu haikutoka siku hiyo, tukapangiwa tarehe. Mtaa mzima ukajua kesi imeuzwa, maana hukumu ya haki hutoka kabla ya matangazo.

Tarehe ilipofika, hakimu alisoma kwa sauti ya chini, mbiombio, na mtoto naye analilia ziwa. Sikusikia kitu. Faili lilipofungwa nikamfuata karani.

"Samahani, kaka. Nimeshinda?"

"Umeshinda, dada. Wapishe wengine."

Jioni shangazi akaniuliza kama Silvano alianguka. Hapana. Alilia, je? Hapana, alinisaidia kuifunga cherehani kwenye bodaboda, akaniambia mkanda wake wa kuzungushia umelegea.

"Hiyo nayo kesi?" akasema, akaelekea kwa Mama Sabrina.

Nikamlaza mwanangu, nikakaza mkanda. Sare za watoto wa watu zilikuwa zimerundikana hadi dirishani. Nikaanza na kaptura.