Sumu ya Mama Kaswera

Mume wangu Gamaliel ni seremala hapa Mususa, na ni mpole kiasi cha kuudhi. Alipoanza kuhara damu na kukonda, hakuniambia mimi mkewe. Alimpigia simu dada yake mkubwa, Agar, ambaye sote tunamwita yaya, yaani dada. Na yaya Agar, mwenye neno juu ya kila jambo, akapanda pikipiki kutoka Mangina siku ile ile.

Alimtazama mdogo wake mara moja tu.

"Hii ni karuho," akasema. "Ulikula kwa nani?"

Karuho ni sumu ya polepole, na watu wa kwetu huiogopa kuliko bunduki. Mtu akikonda hatuulizi anaumwa nini, tunauliza nani alimpa chakula. Gamaliel, kwa upole wake, akajibu kweli: alitengeneza dirisha kwa jirani yetu mama Kaswera, akapewa ugali na sombe, yaani kisamvu.

Nilitamani kumziba mdomo. Ésaïe, mwana wa Kaswera, alikuwa amemposa binti yetu Keren. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kupatikana.

"Mbuzi za mulozi hapana ingia mu hii nyumba," yaya Agar akasema, akimwita Kaswera mchawi.

"Yaya, ule mama tunasalaka naye kanisa moja," nikasema.

"Na shetani naye anajua Biblia."

Akamnywesha Gamaliel dawa ya mizizi ili aitapike karuho. Alitapika mpaka tukamhurumia, lakini kilichotoka ni maharage yangu. Keren akaacha kula. Hapo hasira zikanipanda. Mtoto wangu akose mume kwa sababu ya sahani ya sombe? Nikampeleka Gamaliel kwa daktari mmoja mjini mwenye kamera ya kuangalia utumbo, na yaya Agar akatufuata ili asikie karuho ikitajwa na msomi.

Daktari Providence alitazama, akapima, akatuita.

"Haiko sumu, bamama. Ni matumbo yake inavimba na kufanya bidonda. Mwili yenyewe inajipiganisha."

"Inatoka wapi?" nikauliza.

"Kabisa-kabisa, hakuna mwenye kujua. Kuna ya kurithi kwa wazazi, kuna ya namna tunaishi: vyakula, hewa, antibiotiki tunameza ovyo. Papa Gamaliel, unavutaka tumbaku?"

"Hapana," nikamjibia.

"Kidogo," akasema Gamaliel. "Nyuma ya mbao."

Miaka yote ya ndoa niliamini harufu ile ni ya msumeno.

"Tumbaku inaongezaka ugonjwa ya namna hii," daktari akasema. "Na dawa za maumivu?"

"Juu ya mugongo. Kila siku."

"Nani anakupatia?"

Gamaliel akatazama sakafu. Dawa zile zilitoka Mangina, pakiti baada ya pakiti, na aliyezituma kwa upendo alikuwa ameketi kando yangu. Yaya Agar akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena.

"Basi mulozi ni mimi," akasema.

"Hapana, mama. Haiko ile dawa ilileta ugonjwa. Lakini inachokozaka bidonda. Tunaiacha, na tumbaku tunaiacha, na hii dawa mupya anakunywa bila kukosa."

Gamaliel akaacha, akanuna, akanenepa. Nilifurahi hata kununa kwake. Lakini Mususa hakuna siri, na Kaswera alikuwa amesikia yote. Siku ya mahari alikuja na ndugu zake, uso mkavu, akasimamisha mbuzi nje ya ua wetu. Mkononi alishika kidumu cha maji ya ndizi.

"Mbuzi zitaingia kama mutakunywa yangu," akasema. "Kama munaniogopa, tunarudi nazo."

Keren alinishika mkono. Kwetu mtoa kinywaji huonja kwanza mbele ya watu, kila mtu aone hana ubaya. Kaswera akamimina kikombe, akakiinua mdomoni. Yaya Agar akaja mbele, akamshika mkono.

"Hapana onja, mama," akasema. "Mi ndiye nilikupaka matope."

Akakichukua kikombe ambacho hakikuonjwa, akanywa mpaka mwisho, akakirudisha.

"Niongezee."

Kaswera akamtazama sana. Kisha akamimina hadi yakamwagika miguuni mwao, akilia na kucheka, nami nikakimbia kufungua mlango wa ua ili mbuzi waingie.