Kwarara wa Mti wa Uani

"Ndege wote wawili weusi, wote midomo imepinda kama mundu. Wewe unawatofautishaje?" jirani aliniuliza siku moja, tukiitazama picha iliyobandikwa ukutani pale zahanati.

Walikuwa kwarara. Mmoja tunamjua, yule wa kelele anayetuamsha kabla hakujapambazuka. Wa pili ni adimu: upara mwekundu, na manyoya marefu kisogoni kama mtu aliyetoka usingizini. Chini yake waliandika kwamba mti ambao huyo adimu ataonekana ametua juu yake usiguswe hadi wataalamu waje.

"Mmoja ana nywele utosini, mwenzake hana," nilimjibu.

"Kama marehemu mumeo na mdogo wake," akasema, tukacheka.

Tangu hapo macho yangu hayakutulia. Nikianika nguo natazama juu. Nikimaliza kusali natazama juu.

Ndipo shemeji, huyo mdogo wake marehemu, akaja na msumeno. Mti wa uani aliupanda mume wangu. Shemeji alitaka nafasi ya mti huo ajenge vyumba vya kupangisha. Kiwanja ni cha ukoo, na sauti yangu humo ni ndogo. Meno ya msumeno yalikwisha gusa gome nilipomwona ndege mweusi tawini, ametupa kisogo, kichwa kakificha ubawani, kimya. Wa kelele hanyamazi namna ile.

"Shemeji, ngoja kidogo. Huenda ni yule wa zahanati."

"Macho yangu hayafiki huko," alisema, akijipapasa upara. "Kama ndiye, mimi sitafuti ugomvi na serikali. Mtazame wewe. Utakachosema nakichukua hivyo hivyo."

Nilitazama. Moyoni nikaomba: Mola, mjalie upara.

Ndege akatoa kichwa. Manyoya yalishuka mpaka mdomoni. Mdomo mweusi, wenye mstari mwekundu kwa juu. Akajinyoosha, na bawa likang'aa kijani, kisha zambarau, kama mafuta juu ya maji. Miaka yote hiyo ameishi juu ya kichwa changu, nami sikuwahi kumwona.

Bado alikuwa kimya. Ningesema ndiye, nani angenibishia?

"Siye," nikasema. "Ni huyu wetu wa kila siku."

"Una hakika?"

"Ana nywele, shemeji."

Alicheka kidogo, kwa pua. Akainua uso, akatazama kwa muda mrefu kule ambako macho yake hayafiki. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Vyumba vitasubiri," akatoka langoni. Msumeno aliuacha umeegemea shina.