Maji Nyuma ya Ukuta

Kahambu alivuka mpaka kutoka Goma, Kongo, kuja kusomea uhandisi wa ujenzi Gisenyi, Rwanda, akiwa na miaka ishirini, na mwaka wote wa kwanza hakujua anafanya nini pale. Baba yake ndiye aliyetaka. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, naye alikuwa amesoma kwa Kifaransa tangu utoto. Alikariri hesabu bila kuelewa maswali, akapita kwa shida. Wenzake walimwita Mukongomani, wengine kwa utani, wengine bila utani.

Mwaka wa pili alipelekwa mazoezi ya kazi kwenye kilima kilicho juu ya mji, ambako tajiri mmoja alikuwa akijenga nyumba za kupangisha. Mteremko ulikuwa mkali, hivyo kabla ya nyumba ulijengwa kwanza ukuta mrefu wa mawe meusi, wa kuuzuia mlima usishuke. Hapo, kwa mara ya kwanza, zile hesabu zilimwingia. Alishika udongo mkononi, akaona unavyosukuma, akaona na maji yanavyouongezea uzito. Aliporudi chumbani jioni alitamani kuche haraka.

Msimamizi wa kazi alikuwa Enjenia Ntwali, kijana aliyekulia Uganda, mwenye buti zisizowahi kuguswa na matope. Mchoro wake ulionyesha mabomba ya plastiki yakipenya ukuta kila baada ya mita mbili, ili maji ya mvua yapate pa kutokea. Lakini ukuta ulishafika kimo cha mtu bila bomba hata moja. Kahambu akamwuliza Juvénal, fundi mkuu.

"Papa Juvénal, mabomba iko wapi?"

"Ilibakia kwa stoo. Enjenia alisema itatuchelewesha." Juvénal akatazama huku na huku. "Mi pia naona haiko muzuri, mwanangu. Lakini mi niko na watoto sita."

Kahambu alimwendea Ntwali palepale, mchoro mkononi, watu wakisikia. Akamwambia kwamba bila mabomba maji yatajaa nyuma ya ukuta na kuusukuma.

Ntwali hakukasirika. Alipiga makofi mpaka kazi ikasimama.

"Sikilizeni! Tumepata enjenia mpya kutoka Kongo. Kwao nyumba zimemezwa na lava ya volkano, sasa amekuja kutufundisha sisi kujenga."

Watu walicheka. Juvénal naye alicheka, akiangalia mwiko wake.

"Haya, enjenia," Ntwali akasema. "Anayejua ukuta anajua na mawe. Beba."

Alibeba mawe siku tatu. Siku ya kwanza shingo ilimkaza hata akashindwa kugeuka. Mwanamke mmoja mbeba mawe, Liliane, ambaye zamani alikuwa akivusha mizigo Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani, alikunja kipande cha kitenge kikawa ngata, akamwekea kichwani.

"Usiangalie chini," alimwambia. "Angalia mbele, tembea kama mutu ya kiburi."

Mchana walikula pamoja, ndizi na maharage, sahani moja.

"We unasoma miaka ngapi juu ya ukuta?" Liliane aliuliza.

"Miaka ine, dada."

"Mi nimejenga miaka kumi na mbili, sijasoma hata siku moja." Akacheka huku mdomo umejaa, na Kahambu akacheka naye. Tangu afike Gisenyi hakuwa amecheka na mtu namna hiyo.

Baada ya hapo hakuuliza tena juu ya mabomba. Ukuta ulipanda, ukamalizika, udongo ukajazwa nyuma yake.

Mvua kubwa ilinyesha siku mbili mfululizo, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya mazoezi, na Kahambu alikuja na ripoti yake. Bila sahihi ya Ntwali angerudia mwaka. Alikuwa ameiandika mara nne, na kila mara alijua ni sentensi ipi Ntwali anataka kuisoma. Mwishowe akaiweka: *Ukuta umekamilika na uko imara.*

Alipofika aliutazama ukuta akasimama. Katikati ulikuwa umevimba. Chini, kati ya mawe, maji ya matope yalikuwa yakichuruzika.

Ntwali alikuwa ndani ya gari lake. Alisoma ripoti kurasa zote bila haraka, akafika kwenye sentensi ile, akatikisa kichwa kukubali. Akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Umejifunza," alisema.

Kahambu aliitia ripoti mkobani. Kule chini ya ukuta Liliane alikuwa na jiwe kichwani, akampungia mkono. Kahambu naye akapunga. Kisha akashuka mpaka kibanda cha chai kando ya barabara, akijiambia kwamba akishakunywa, akishatulia, atapanda kumwambia Juvénal. Chai ililetwa ya moto. Alikuwa bado akiipuliza aliposikia kishindo.

Juvénal alikufa palepale. Liliane walimtoa akiwa hai, na hospitalini wakamkata mguu wa kushoto juu ya goti.

Ikaundwa tume ya uchunguzi. Ntwali aliingia na karatasi moja tu, akaiweka mezani: ripoti ya mwanafunzi. "Hata yeye aliyekuwepo kila siku ameandika kwamba ukuta uko imara," alisema. "Mvua ilizidi, basi." Wakamwita Kahambu.

"Niliandika uongo," alisema. "Enjenia alikataa kuweka mabomba. Asubuhi ile niliona ukuta umevimba, nikanyamaza ili anitilie sahihi."

Mzee mmoja wa tume alivua miwani. "Kwa hiyo wewe ulijua."

"Nilijua."

Waliandika hilo. Kuhusu mabomba waliandika kwamba wafanyakazi walioulizwa hawakukumbuka. Chuo kilimsimamisha Kahambu mwaka mmoja. Ntwali alipewa kazi nyingine kabla ya msimu wa mvua uliofuata.

Kabla ya kurudi Goma alikwenda hospitali. Liliane alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Wanasema ulijua," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, dada."

"Na ulinipungia mukono."

Kahambu alisogea karibu na kitanda.

"Toka."

Mwaka ulipokwisha alirudi chuoni, safari hii akilala Goma na kuvuka kila asubuhi. Walipotakiwa kuchagua mkondo, wengi walikimbilia majengo marefu na barabara. Yeye aliomba udongo na maji yake, maabara ya chini kabisa, yenye wanafunzi watatu. Alikaa humo mpaka wafagizi wakamfukuza, akaanza kushika nafasi ya kwanza. Hakuna aliyempongeza. Waliokuwa wakimwita Mukongomani sasa walimwita Imara.

Liliane alikuwa amerudi Petite Barrière, anauza nyanya kwenye beseni, magongo yake kando. Mara ya kwanza alipomwona Kahambu kwenye foleni alipaza sauti: "Ona yule! Ni ye enjenia aliyeniuza kwa sahihi!" Foleni nzima iligeuka. Kahambu angeweza kuhamia Grande Barrière, kivuko kile kikubwa. Muhula mmoja alifanya hivyo, kisha akarudi, na kelele nazo zikarudi.

Asubuhi moja Liliane hakupiga kelele. Alimwita kwa kidole.

"Ule Ntwali anajenga wapi sasa?"

"Kule Rubavu, karibu na shule."

"Enda ukaangalie ukuta yake. Halafu uje uniambie."

Alikwenda siku hiyohiyo. Aliukagua ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akachutama kuangalia chini, akatia kidole ndani ya kila tundu. Mabomba yalikuwepo, kila baada ya mita mbili, na nyuma yake kokoto safi. Ulikuwa ukuta mzuri. Hakuona kosa hata moja.

Kesho yake alimweleza Liliane yote, bila kupunguza.

"Donc, kumbe alijifunza," Liliane alisema.

"Alijifunza."

Liliane alichagua nyanya moja iliyooza, akaitupa mtaroni, akamgeukia mnunuzi aliyekuwa akingoja.