Mlango wa Dereva Haugongwi

Tangu Jumanne, hakimu alipotamka kwamba watoto aliowaasili ni wake kisheria, Harlan Stopher alikuwa hakaliki. Kila aliyepita kwenye maonyesho ya wakulima, pale Indiana, alishikwa mkono akaonyeshwa kichanga Nora na dada yake Tansy, wa miaka saba. "Wawili kwa mpigo! Nyie mna nini?" Furaha ilimpanda kichwani, ndiyo maana akapaka yale majina bila kufikiri.

Gari lake lilikuwa kuukuu, limeng'olewa vioo vyote, tayari kwa shindano la kugonganisha magari, ambalo mshindi ni wa mwisho ambaye gari lake bado linatembea. Mlango wa dereva aliuandika NORA. Kwenye buti, TANSY.

Lyle Purdum, jirani na mpinzani wake wa miaka mingi, akaangua kicheko. "Makubwa haya! Mlango wa dereva haugongwi, ndiyo sheria. Buti ndiyo nyundo. Kwa hiyo kadogo umekaficha, huyu mkubwa umemtoa akapondwe? Si ajabu, alikuja kama nyongeza!"

Tansy, aliyesimama kando ya gari, alisikia. Nyumba mbili zilizomchukua kabla zilishamrudisha kama shati lisilomtosha mtu, na begi lake mpaka leo hajalifungua. Hakulia. Alikwenda kukaa jukwaani na Corinne, mke wa Harlan, aliyempakata Nora, akatazama chini. Harlan alitaka kumfuata, moyo unamuuma, lakini madereva walishaitwa uwanjani.

Basi akaapa buti halimgusi mtu. Upumbavu gani huo! Kule hata mtoto anajua unapiga kwa rivasi, maana mbele kuna rejeta. Bendera iliposhuka, Harlan aliingia kwa pua. Akambamiza wa kwanza ubavuni, bati likalia. Akambamiza wa pili, rejeta ikapasuka, maji ya moto yakamrukia mikononi. Lyle akaja kinyumenyume kwa kasi, akampiga mbele. Harlan akajiuma ulimi, damu ikajaa mdomo. Akapigwa tena, jino likang'oka. Wengine wote walishavunjika, wamebaki wao wawili, na asiyegonga ndani ya dakika moja hutolewa.

"Unalia, baba watoto?" Lyle alipiga kelele.

Injini ya Harlan ikazima. Hapo ndipo akaisikia sauti kutoka jukwaani. Tansy amepanda juu ya benchi, uso mwekundu, anajipigapiga kifuani.

"Geuka! Geuka, wewe! Mpige kwa buti! Mpige na mimi!"

Harlan akawasha, ikakohoa, ikawaka. Akageuza, akarudi nyuma kwa nguvu zote. Gurudumu la mbele la Lyle likalala. Akampiga mara ya pili, ekseli ikakatika. Mara ya tatu alimpiga kwa ajili ya lile neno nyongeza, wala hakujuta.

Lyle aling'oa mwenyewe kijiti cha bendera kilichofungwa kwenye gari lake, ishara ya kukubali kushindwa. Tansy akaja mbio kwenye matope, akapitisha kidole juu ya herufi zilizokunjamana.

"Nisamehe, mama," Harlan alisema. "Sikufikiri."

Tansy hata hakumsikiliza. Alimgeukia Corinne, aliyemfuata na kichanga mikononi, akaushika mguu wa Nora, akamwambia, "Umeona? Wewe ulikaa mlangoni tu. Mimi ndiye nimemvunja." Kisha akamwambia Harlan, "Mwakani niandike palepale. Kubwa zaidi."

Mwakani! Mtoto mwenye begi lisilofunguliwa anasema mwakani. Harlan akakaa chini kwenye matope, damu inamtoka mdomoni, akalia mbele ya watu wote.