Marahaba Isiyo Yangu

…na kitufe chenyewe ni kidogo, chekundu kama punje ya harage, kimeandikwa Zuia, ukikigusa tu mtu anaondolewa kwenye ramani yetu na hawezi tena kuchora hata njia ya mbuzi, na kidole changu kiko juu yake tangu Nikolausi atangaze kwamba mkanda wa mashine ya kusaga umekatika, "mama zangu, vumilieni, naushona sasa hivi," na mama mmoja akamjibu, "sasa hivi yako tunaijua, ya juzi ilitulaza na viazi," wakacheka, foleni haijasogea, debe langu la mahindi ni la saba, Bibi nimemwacha kitandani anasubiri uji, na mimi kazi yangu ni kugusa tu, mara moja, kwa sababu amerudia mara ya tatu na sheria ni mara ya tatu… Kaka Yoakimu alitufundisha kule Babati, ramani hii ni ya wote, programu yake iko wazi, yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoundwa na kupendekeza irekebishwe, hakuna anayelipwa, kwa hiyo watu ndio kila kitu, Justina, wavute, wafundishe, anayeharibu mwonye mara mbili, ya tatu mzuie, nami nikaandika karatasi ishirini kwa mkono, Hakuna anayepajua kwenu kuliko wewe, paweke kwenye ramani, nikazibandika kwenye milango ya maduka Katesh siku ya mnada, wakajiunga watu kumi na mmoja, kila asubuhi nikawa nawaangalia kama vifaranga, kisha wakaanza kupungua, Kelvin alichora barabara moja akauliza kama kuna vocha, hakuonekana tena, dada mmoja wa kijiji cha Daudi nilimrudishia kazi yake mara nne kwa ajili ya herufi kubwa na ndogo, naye akanyamaza, na huyo nilimfukuza mimi, najua, nilikuwa mkali ili wasijue mhakiki wao ni msichana aliyeishia kidato cha pili… akabaki mmoja, Mudathir wa Katesh, anachora polepole, visima, msikiti, madaraja, kazi safi kuliko yangu, kisha anaweka ile nyumba. Nyumba moja, pembe nne, chini ya mlima, mahali ambapo picha ya setilaiti inaonyesha tope tupu, ule mstari wa kahawia wa maporomoko ulioshuka kutoka mlima Hanang asubuhi ile ya Desemba, na sheria inasema chora kilichopo, basi nikaifuta, nikamwandikia, Hapa hapana nyumba, akajibu, Shikamoo mwalimu, nimeelewa, na mimi, Mungu anisamehe, nikaandika Marahaba… mwalimu, mimi, ilikuwa tamu, niliisoma tena nikiwa nachota maji, nikajiambia huyu ni kijana tu mwenye adabu, na wiki iliyofuata akairudisha ile nyumba, na jiko pembeni, nikafuta vyote viwili, Shikamoo mwalimu, samahani, Marahaba… "We Justina, unamwandikia mchumba nini, mbona umekunja uso hivyo?" "Hapana, mama, ni kazi." "Kazi gani isiyo na mshahara, si bora ungekuja kunipalilia," wanacheka tena, nami nacheka nusu, maana leo ameirudisha tena na kuandika maneno marefu, nimeyasoma hadi macho yanauma, Shikamoo mwalimu, usinichoke, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, macho yangu hayaoni vizuri kwenye simu hii, lakini nyumba hii siwezi kuikosea, mke wangu Shumbana alikuwa ndani, na karatasi yenu ilisema hakuna anayepajua kwetu kuliko mimi… karatasi yangu, mwandiko wangu, na mtu mwenye wajukuu amenipa shikamoo tatu, mbili nimeshazipokea kama haki yangu… naye hajui kwamba siku ile ya mafunzo kila mmoja alipewa kipande cha kwao kwenye ramani ya zamani, afute visivyokuwepo tena, na kwenye kipande changu kulikuwa na pembe nne na kibanda cha ndama, nikazijua mara moja, Mama alikuwa amerudi kumfungulia ndama, tope likamkuta humo, nikafuta, nikawa wa kwanza kumaliza, Kaka Yoakimu akasema, "Huyu binti ana jicho, mnaona? Kazi safi," nikatabasamu, na jioni nikarudi kumgeuza Bibi upande wa pili, nyonga yake haikupona tangu alipotolewa kwenye lile tope, ndiyo maana shule iliniacha au mimi niliiacha, sijui… fomu ya ramani ina nafasi mbili tu, Ipo, Haipo, na haipo ni hata ile ambayo haijawahi kujengwa, kichaka ambamo hakuna mtu aliyewahi kuwasha moto, kumbe tumewaweka pamoja na kichaka, Shumbana na Mama, na programu iko wazi muda wote huu, yeyote anaweza kupendekeza, nami sijawahi kupendekeza kitu, nimekaa mlangoni nikilinda, labda anayeharibu ramani ni mimi… "Nikolausi, umeshona?" "Bado, mama, sindano nayo imekatika!" "Basi shona na meno!" … naondoa kidole, naandika, Shikamoo mzee wangu, mimi ni Justina wa Gitting, nina miaka kumi na saba, zile marahaba hazikuwa zangu, nisamehe, nyumba sitaifuta, nitamwomba Kaka Yoakimu tuongeze nafasi ya tatu, Ilikuwepo, na labda ataona aibu kwamba alimwamkia mtoto, labda ataondoka naye nibaki na sifuri, basi, na iwe hivyo, naongeza, Nielekeze niichore vizuri, mlango ulitazama wapi? natuma, mtandao unatafuta, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, debe langu bado la saba, na wakati nasubiri ndipo jibu langu mwenyewe linakuja bila kuitwa, mlango wetu ulitazama mlima.