Mahari ya Kilatini

Mimi Justina sina ugomvi na Kilatini. Ugomvi wangu ni na mume wangu Flavian, aliyesoma kwa mapadri kule Kaengesa, akatoka bila upadri, akabaki na maneno. Ukimtuma chumvi dukani, anarudi na asili ya neno chumvi kwa Kizungu, na chumvi yenyewe kaisahau.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mashine za kusaga za watu binafsi zilianza kuonekana Sumbawanga, nami nikaitaka moja. Niliitaka kwa moyo wote, maana kutoka kwetu Milanzi nilikuwa nabeba ulezi kichwani hadi mjini, na shingo ilishachoka. Bahati ikaja: Shija, kijana wa Kisukuma, akamposa binti yetu Dominika. Baba yake, Mzee Ngeleja, akatuma ujumbe kwamba tuchague wenyewe mahari, ng'ombe au mashine.

"Mashine," nikamwambia Flavian. "Na siku hiyo wewe nyamaza. Kaka yako Baltazari ndiye msemaji."

Katika ukoo wao baba wa binti hukaa kimya kikao kizima. Akishatamka mwenyewe, neno lake ndilo hilo, hakuna wa kulirudisha. Flavian akaniahidi kunyamaza. Nikamwamini, sijui kwa nini.

Wageni wakaja, tukawapa togwa. Baltazari akakohoa, akaanza vizuri kabisa.

"Wakwe zetu, siku hizi kila mtu anatafuta mtaji. Nasi tunaomba kakapitali kadogo tu."

Nikaona Flavian anakaa wima.

"Neno hilo," akasema, "mnajua limetoka wapi?"

Nikamkanyaga mguu. Akauondoa, akaendelea.

Akaeleza kwamba Warumi walikuwa na caput, yaani kichwa, na mali ya mtu ikaja kuitwa capitale. Wafaransa wakalifinyanga, mpaka leo cheptel kwao ni mifugo. Waingereza wakalichukua mara mbili: cattle ni ng'ombe, capital ni mtaji. Kichwa hichohicho kikazaa Chef wa Wajerumani, ambaye ni bosi, ila ukivuka kwa Waingereza chef ni mpishi.

"Bosi anapika?" akauliza Mzee Ngeleja.

"Akishavuka maji, anapika. Hata kabichi, wapo wanaosema asili yake ni kichwa."

Mzee Ngeleja alikuwa amesogeza kigoda chake karibu. Sijapata kuona mtu akisikiliza Kilatini kwa raha namna ile.

"Kumbe Wazungu nao wanajua," akasema taratibu. "Sasa mkwe, kwa elimu yako, mtaji hasa ni nini?"

"Baba Dominika," nikadakia, "wageni wameishiwa togwa."

"Ng'ombe," akasema Flavian, na uso wake uling'aa.

Baltazari akainama, akaanza kuchunguza viatu vyake.

Ng'ombe wakaja. Walikula mahindi yetu, wakamalizia na kabichi. Flavian anawaogopa, kwa hiyo huwachunga kwa mbali, akiwasemesha kwa sauti ya ibada. Mimi nilinuna, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Mzee Ngeleja akainunua ile mashine, akaifunga papa hapa Milanzi, akamkabidhi Dominika aisimamie. Ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: CAPUT. Wateja wakiuliza maana yake, mzee mwenyewe anazima mashine na kuwaeleza yote, Warumi, Wafaransa, bosi anayepika, bila kukosea hata mahali pamoja.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye foleni, Flavian na ulezi kichwani, maana tangu siku ile nilikataa kubeba. Mzee Ngeleja alipofika kwenye kabichi, mume wangu akanyoosha mkono. Alitaka kuongeza habari za Wahispania.

"Mkwe," Mzee Ngeleja akamwambia kwa upole, "subiri zamu yako."