Kumnyanyua Babu Yako

Umewahi kumnyanyua mtu mzima kutoka sakafuni, mjukuu wangu? Sisemi mtu anayekupa mkono akajisukuma kidogo. Nasema mtu ambaye nusu ya mwili wake imelala na haitaki kuamka. Babu yako, baada ya kiharusi, alikuwa hivyo. Alidondoka kati ya kitanda na kabati, nami nikamvuta makwapani mpaka mgongo wangu ukalia ko, kama kijiti kikavu. Hakusogea hata upana wa kiganja.

Nikamwita jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Akaja na miwani yake ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso, akainama mara moja tu, akamrudisha mzee kitandani.

"Pole, mzee," akasema.

Babu yako akageukia ukutani. Alikuwa amejikojolea, na fundi alikuwa ameona. Tangu siku ile akawa anakunywa maji kwa mafunda mawili matatu, kama dawa chungu, ili asihitaji kupelekwa msalani.

Mama yako akapiga simu. "Mama, usininunie. Ukishindwa kumwinua mpaka mwisho wa mwezi, baba tunampeleka nyumba ya kutunzia wagonjwa."

Sikununa. Mtaalamu wa viungo pale hospitali alikuwa ameshaniambia kuwa nguvu ya kuinua mtu haimo mikononi, imo mapajani na mgongoni, na hutafutwa kwenye vyuma vya mazoezi. Basi mama yako akaniandikisha jimu, ile iliyo juu ya duka la matairi, ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu kwa sababu nilipumzika kwenye ya kumi.

Mlangoni zilikuwa baiskeli zisizokwenda popote. Ndani zaidi, penye vioo, ndiko kwenye vyuma: sakafu ya mpira mweusi, harufu ya kutu na jasho la jana, wanaume wanaguna kama wenye uchungu wa kuzaa. Mmoja walimwita Tingatinga, shingo yake nene kuliko kichwa. Mimi nilivaa suruali ya michezo ya mama yako, gauni langu juu yake, na kitambaa kichwani. Nikasimama pale mpira unapoanzia, vidole vya miguu vikigusa ukingo, kama mtu anayeogopa kuingia mtoni.

Tingatinga akaninyooshea taulo lililolowa, bila hata kunitazama. "Mama, na pale kwenye benchi kuna maji. Mtu atateleza."

Alinidhania mfanya usafi. Nikapokea taulo, nikatafuta tambara, nikadeki.

Kosa likishalala siku moja hujenga nyumba. Siku ya pili walishanizoea. "Mama, taulo zimekauka?" "Mama, kioo hiki kina alama za vidole." Nami nafuta, nakunja taulo mara nne, pembe kwa pembe, kisha narudi nyumbani na mapaja yaleyale niliyokwenda nayo. Wiki mbili nzima. Babu yako ananiuliza, "Leo umenyanyua?" Namwambia, "Kidogo."

Aliyenishtukia ni mfanya usafi mwenyewe. Alinivuta chooni, macho mekundu. "Dada, niambie ukweli. Nimekosa nini hata wakupe wewe kazi yangu?"

Nikamwambia mimi ni mwanachama kama wale. Alicheka mpaka akakalia ndoo. "Yaani umelipa ili udeki? Hata punda hupewa majani." Halafu kicheko kikamkatika. "Waambie."

"Nitawaambia kesho."

"Kesho ipi? Mimi nimefanya kazi hapa miaka sita, hiyo kesho sijaiona ikipanda zile ngazi."

Alisema kweli, na bado sikusema.

Jumatano asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa mwezi uishe, babu yako akadondoka tena. Fundi alikuwa ametoka na geti la mtu, simu yake haipatikani. Nilivuta, nikasukuma, nikapitisha shuka chini ya mgongo wake nikavuta shuka, shuka likachanika. Mwishowe nikamwekea mto kichwani, nami nikajilaza kando yake kwenye saruji. Tulilala hivyo tukiangalia uvungu wa kitanda, vumbi na kiatu kimoja cha zamani. Jua likahama kutoka dirisha la jikoni kuja la chumbani.

"Mke wangu," akasema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo, "mwambie mtoto anichukue. Umechoka."

"Sijachoka," nikamwambia. "Sijui tu kukuinua."

Akafumba macho. Chozi lilimtoka jicho lile zima, likaingia sikioni, na mkono wangu wa upande ule ulikuwa umekufa ganzi, sikuweza kulifuta. Fundi alirudi alasiri.

Kesho yake nilipanda ngazi kumi na tisa bila kupumzika. Sikuwa na ujasiri, mjukuu wangu, usidanganyike. Kwenye vioo nilijiona nimekuwa wengi, vikongwe watano wote wanataka kukimbia. Nikaukanyaga mpira mweusi. Nikatembea mpaka katikati, kati ya mabenchi, mahali nilipokuwa nikifika na tambara tu.

Tingatinga akaninyooshea taulo. Sikulipokea. Mkono wake ukabaki hewani, naye kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Vipi, mama? Unaumwa?"

Mtu mmoja akaweka chuma chini. Mwingine naye akaweka. Kocha wa pale jimu, aliyekuwa ameketi pembeni, akainua kichwa kutoka kwenye simu yake. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Mwanangu, mimi sikuja hapa kudeki. Nina mume nyumbani, ana kilo sitini na nane, na jana ameshinda sakafuni tangu asubuhi mpaka alasiri kwa sababu sijui kumwinua. Nataka mnifundishe kunyanyua."